Kuifuata reli ya Tanga hadi Mombo, stesheni kwa stesheni

Nimerudi Dar es Salaam na daftari lenye kurasa zilizojikunja kwa mvua ya Sigi, na simu iliyojaa picha za mataruma yanayobeba vyuma vya reli, matangi ya maji na milango yenye makufuli. Simulizi hii nimeiunga kutokana na hivyo viwili. Nilichokifuata hasa ni stesheni ya Muheza. Historia ya reli nchini kwetu husimuliwa kuanzia Reli ya Kati, ilhali reli ya kwanza Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, zaidi ya miaka kumi kabla Dar es Salaam haijatandikiwa taruma hata moja. Na kwa miaka kadhaa mwisho wa reli hiyo ulikuwa Muheza. Nilitaka kujua mji mdogo uliowahi kuwa mwisho wa reli umebaki na nini, na nani bado yupo wa kuusimulia.

Jumapili: Dar es Salaam hadi Tanga

Basi liliondoka Mbezi alfajiri, nauli 20,000. Kabla ya kufika Mkata tairi la nyuma likapasuka na jeki haikuwepo, ikabidi dereva apunge mkono malori mpaka moja likasimama. Tulikaa kivulini muda mrefu. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda msibani Pangani alifungua beseni lake la mihogo ya kuchemsha akagawia kila aliyekaa karibu, hata utingo wa lile lori. Tulipofika Segera, barabara ya Tanga inapojitenga na ile ya Moshi, jua lilishaanza kugeuka.

Stendi ya Kange iko nje ya mji. Bajaji hadi Ngamiani nililipa 4,000, chumba chenye feni 25,000. Usiku nikala mkate wa kumimina na chai ya tangawizi kwa bibi anayeuza barazani, nikalala mapema.

Jumatatu: Stesheni ya Tanga

Ukitaka kuielewa Tanga, tembea kwa miguu kutoka Ngamiani kwenda mjini. Lazima uvuke reli. Upande mmoja kuna bandari, boma na majumba ya wakubwa wa zamani. Upande wa pili mitaa ya Ngamiani iliyopangwa kwa namba, ambako waliishi waliobeba mizigo ya upande ule. Mpaka leo mwenyeji akikwambia anakwenda "mjini" huwa yuko Ngamiani, hatua chache tu kutoka huko mjini kwenyewe.

Nilianzia ofisini. Hili nawaomba watakaonifuata walizingatie: stesheni si uwanja wa kupigia picha ovyo. Salimia, jieleze, omba ruhusa, na upeleke kitambulisho. Mimi niliambiwa nisubiri, nikasubiri karibu saa nzima, kisha kijana wa usalama akanisindikiza na kunionyesha mpaka wapi ninaweza kufika. Treni za mizigo zinapita, kwa hiyo usitembee juu ya njia ukidhani imekufa.

Reli ilianzia hapa kwa sababu ya kahawa. Wajerumani waliona milima ya Usambara wakaamini itawapa kahawa tele, na kampuni ikaundwa Ujerumani mwaka 1891 ili kuifikia milima hiyo. Reli yenyewe ni ya upana wa mita moja. Mwishoni mwa mwaka 1894 treni zilikuwa zinafika Pongwe, kilomita chache tu kutoka baharini. Aprili 1896 zikafika Muheza, kilomita 40. Hapo fedha zikakauka. Mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua reli mikononi mwa kampuni, ndipo kazi ikaendelea: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352, na zilichukua miaka 18.

Mchana nilikwenda Urithi, makumbusho yaliyomo ndani ya boma la zamani karibu na bandari. Nenda ukiwa na muda, maana picha za ukutani zinastahili kutazamwa polepole. Nilitafuta picha za wajenzi wa reli. Katika picha za zama zile nilizowahi kuziona, injini inaonekana vizuri, Mzungu mwenye kofia anaonekana vizuri, na wanaume waliobeba vyuma wanaonekana kwa mbali, bila majina. Jambo hilo lilinikaa moyoni safari nzima.

Jioni nilitembea upande wa Ras Kasone, ambako Waingereza walishusha majeshi yao Novemba 1914, katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Walikuja kama 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, dhidi ya watu wapatao 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Masimulizi ya vita ya Tanga hupenda nyuki waliowavamia wapiganaji porini, na nyuki walikuwepo kweli. Lakini mimi naona aliyeamua vita ile ni treni. Vikosi vingi vya Wajerumani vilikuwa upande wa Kilimanjaro. Reli ilikuwa imefika Moshi miaka mitatu tu nyuma, na kwa reli hiyo askari Waafrika walishushwa haraka, treni moja ikibeba kombania moja. Wangetembea kwa miguu wangekuta mji umeshatekwa. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wameshapanda tena meli zao. Mji waliupata baadaye, Julai 1916.

Jumanne: Pongwe, Ngomeni, Muheza

Daladala ya kwenda Muheza ilikuwa 3,000 na husimama kila penye mtu. Pongwe nilishuka, nikatazama, nikapanda nyingine. Ngomeni ndiko nilikochelewa.

Kuanzia hapo mkonge unakuzunguka pande zote, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mmea huu si wa kwetu. Daktari wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza. Iliyonusurika ikapandwa Kikogwe, Pangani: ilikuwa 62 tu. Kahawa ya Usambara haikuwapa walichotarajia, mkonge ukatoa, na reli iliyojengwa kwa ajili ya milima ikaishi kwa kubeba mazao ya bondeni. Miaka ya 1960 mwanzoni hakuna nchi duniani iliyozalisha katani, yaani nyuzi za mkonge, nyingi kuliko Tanganyika, na marobota yake yalipita kwenye hizi stesheni ndogo kwenda bandarini.

Nikiwa nauliza njia, dada mmoja aliyebeba kuni alitua mzigo wake akanipeleka mwenyewe hadi karibu na reli. Nilimwambia anielekeze tu, asisumbuke. Akasema, "Mgeni haelekezwi, anapelekwa." Njiani akanieleza kwamba babu yake alikuja kutoka Kigoma akiwa manamba. Alisaini mkataba kwao, akapandishwa treni, akashushwa kambini, akapewa kisu cha kukatia mkonge. Mkataba ulipoisha hakurudi. Aliingia korona, kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, akawa analisha majani kwenye mashine, akaoa Mbondei, akajenga.

Habari kama hiyo utaikuta kila kijiji cha ukanda huu. Wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuajiri, SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, likileta watu kutoka Kigoma, Songea, Burundi na kwingineko. Ndiyo maana Muheza na Korogwe utakuta Waha, Wangoni na Wamakonde waliozaliwa hapo, na wazazi wao walizaliwa hapo. Ukiangalia hesabu za reli utaona tani za katani. Hawa watu ndio mzigo mwingine uliokuja kwa njia hiyohiyo na haukurudishwa.

Muheza nilifika saa tisa alasiri. Chumba karibu na stendi 20,000, maji ya ndoo, shuka safi. Wali, maharage ya nazi na dagaa 2,500. Machungwa, hata sina haja ya kusema.

Jumatano: Stesheni ya Muheza

Siku hii nitaikalia.

Niliamka nikaenda stesheni kabla jua halijawa kali. Mji wa Muheza leo unaishi barabarani: stendi, soko, bodaboda, malori ya machungwa. Reli iko kando. Lakini ukiwa na macho ya kuangalia, utaona mji ulivyoanza upande huu, jinsi maduka ya zamani na njia za miguu zinavyoelekea stesheni na siyo lami.

Hebu fikiria miaka ile kati ya 1896 na 1902. Treni inatoka baharini, inafika hapa, inageuza. Mbele yake hakuna reli. Chochote kinachotoka Korogwe au milimani kinafika Muheza kichwani mwa mpagazi, na chochote kinachoingia bara kinashushwa hapa na kugawanywa kwa mizigo ya kubebwa. Kwa miaka sita mji mdogo huu ulikuwa mlango wa bara la kaskazini. Nilisimama pale nikajaribu kuona msururu wa watu wanaoshuka kutoka Amani na magunia ya kahawa. Hakuna kibao chochote kinachosema hayo, na kwa kweli iliniuma. Kibao kimoja cha bati kingetosha.

Mama anayeuza chai jirani na reli ndiye aliyenisaidia. Nilikunywa chai na vitumbua, tukazungumza, akasema, "Wewe unamtaka babu wa gengi." Akamwachia mwanawe biashara, akanipeleka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo kwenye mkeka, jua lisikupate."

Babu alifanya kazi gengi, kikosi cha kutunza njia ya reli, miaka mingi, kuanzia enzi za East African Railways hadi baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli Tanzania kuundwa. Jina lake silitaji. Aliniambia gengi lilikuwa na kipande chake cha njia, na kila asubuhi mtu mmoja alikitembea chote akiwa na nyundo na spana, akigonga na kusikiliza. Bolti iliyolegea ina sauti yake, na ukishaizoea, alisema, unaijua kabla hujaiona. Wengine walifuata na sururu kushindilia kokoto. Mnyapara alipita na kiberenge, kigari kidogo cha relini. Ikinyesha mvua kubwa usiku walitolewa vitandani kwenda kuangalia makalvati, kwa sababu maji yakikata tuta na treni inakuja, hakuna wa kuisimamisha ila wewe na taa yako.

"Mataruma yale ya chuma," akasema, "mchwa aliyashindwa. Ya mti angeyamaliza kwa msimu."

Nilimuuliza kuhusu treni ya abiria. Hapo mke wake, aliyekuwa anachambua mchicha, akaingilia kati. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa na mengi. Akiwa binti aliuza machungwa na ndizi dirishani mwa mabehewa. Treni ikikaribia, kengele ya stesheni ikapigwa, wanawake wakajipanga kila mmoja na mahali pake, na ole wako ukichukua mahali pa mwenzio. Pesa ilirushwa, machungwa yakapanda kwa vikapu. Daraja la tatu ndilo lililonunua. Alisema abiria wa daraja la kwanza walikuwa wanalala au wamefunga mapazia. Kwa pesa ya treni alijinunulia doti yake ya kwanza ya kanga bila kumwomba mtu.

"Treni ilipoacha kuja," nikauliza, "mlifanyaje bibi?"

"Tulihamia barabarani. Lakini basi halisimami sana. Treni ilikuwa inatungoja."

Treni za abiria za njia hii zilikoma katika miaka ya 1990. Sababu si moja. Nyuzi za viwandani ziliua bei ya katani, mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakadhoofika, mzigo ukapungua, na lami ikawa imeshafika. Reli inayokosa mzigo haipati matengenezo, na isiyopata matengenezo treni zake huchelewa, na zikichelewa hata mzigo uliobaki hukimbilia malori. Babu alilieleza kwa njia yake: waliacha kwanza kubadilisha bolti, halafu wakaacha kubadilisha watu.

Nilikaa kwao mpaka adhuhuri. Nilipoaga walinifungia machungwa kwenye mfuko, wakakataa pesa katakata. Nikaacha sukari na majani ya chai kwa yule mama wa chai awapelekee.

Ukienda Muheza, nenda asubuhi au baada ya alasiri, na usianze na kamera. Wazee wa reli wamebaki wachache na wana mengi. Kaa kwanza.

Alhamisi: Sigi

Kutoka Muheza nilipanda gari la kwenda Amani, nauli 4,000 hadi Sigi, na tulibanana vya kutosha. Magari ya njia hii ni machache. Uliza stendi tangu jana yake, maana mara nyingi yanapanda mchana na kushuka alfajiri. Msimu wa mvua usipange kurudi siku hiyohiyo.

Kwa nini Sigi? Kwa sababu hapo palikuwa na stesheni pia. Kutoka Tengeni, jirani na Muheza, Wajerumani walijenga tawi jembamba la upana wa sentimita 75 kwa ajili ya mbao za Usambara ya Mashariki. Lilikamilika mwaka 1910, urefu wake kilomita zinazokaribia 24. Juu yake kulikuwa na Taasisi ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902, iliyojaribisha mimea ya kila upande wa dunia na wakati wa vita ikawatengenezea Wajerumani kwinini.

Reli imeshang'olewa. Kilichobaki ni nyumba ya stesheni masta, ambayo imekarabatiwa na sasa inapokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Nyumba ya stesheni katikati ya msitu, hakuna reli mbele yake, mto unasikika chini. Kiingilio hulipwa getini na viwango hubadilika, kwa hiyo uliza. Kijana aliyenitembeza alinionyesha penye miti michanga zaidi ambako njia ilipita. Mvua ikashuka bila kuonya, daftari likalowa, tukajibanza barazani tukila machungwa ya babu. Nilirudi Muheza kwa bodaboda, 15,000, tope hadi magotini. Dereva alisimama mara mbili kunifuta miwani kwa shati lake.

Ijumaa: Korogwe

Muheza hadi Korogwe kwa basi la njiani, 4,000. Ofisi ya stesheni ilikuwa imefungwa kwa swala, nami nikaswali, nikala samaki wa kukaanga na ugali, nikarudi.

Korogwe ndiko reli ya Tanga ilipopata ndugu. Kabla ya hapo usingeweza kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam kwa treni. Reli hii iliungana na Kenya kwanza, kupitia Kahe na Voi, kwa njia iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza. Mwaka 1963 ndipo ikafunguliwa njia ya kilomita 188 kati ya Mnyusi, kidogo kabla ya Korogwe, na Ruvu kwenye Reli ya Kati. Njia hiyo ndiyo iliyotumika Desemba 2019 abiria waliporudi tena hadi Moshi, na Oktoba 2020 hadi Arusha.

Kaka mmoja anayeuza kahawa na kashata aliniambia treni hupita Korogwe usiku, na kwamba usiku wa kwanza wazee walitoka na mashuka mabegani kuja kuiona. Yeye aliuza birika lote. Ratiba ya abiria imewahi kusitishwa na kurejeshwa, kwa hiyo usipange safari kwa maneno ya mtandaoni. Piga simu au fika stesheni.

Jumamosi: Mombo

Asubuhi nilipanda Noah, 3,000. Mombo ni joto, vumbi, nyama choma na mabasi yanayosimama dakika kumi. Kwa miaka minne, 1905 hadi treni zilipofika Buiko mwaka 1909, hapa ndipo palikuwa mwisho wa reli, kama Muheza kabla yake. Wageni wa Lushoto walishuka hapa na kupanda mlima. Wakati wa vita Wajerumani waling'oa reli nyepesi za mashambani wakatandika njia ya kusukuma vigari kwa mikono kutoka Mombo kwenda Handeni. Nani walisukuma? Watu walewale ambao majina yao hayamo kwenye picha.

Mbele ya Mombo, kituo cha Mkumbara kilikuwa na waya wa angani wa kama kilomita 9 ulioshusha magogo ya mierezi kutoka Shume. Nilitaka kufika, lakini dereva niliyekubaliana naye hakutokea na jua likanishinda. Nikapanda basi la Dar saa nane.

Picha za Muheza nimezichapisha na kuwatumia babu na bibi kwa basi, mzigo 3,000, kwa mkono wa mama wa chai. Bibi amepiga simu. Anasema kuna picha moja inayoonyesha mahali pake pa kuuzia, upande wa kushoto wa tangi, na anataka nyingine kubwa zaidi. Nimeshaipeleka kuchapishwa. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya gengi, ya wauza machungwa, ya stesheni masta na familia yake, popote kati ya Tanga na Mombo, ipigeni nakala muandike majina nyuma wakati wenye kuwajua bado wapo, nami mnitumie.